Neno Moja Kwenye Barua ya Posa

"Jokha, kaa chini kwanza."

"Nimekaa, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Yuko dukani, mimi niko shuleni. Kuna nini? Mbona sauti yako hivyo?"

Hamood alikuwa Maskati, mwaka wa kumi na nne sasa. Simu zake huwa za Ijumaa, baada ya sala, za kuulizana hali na kucheka. Hii ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na Jokha alikuwa ameipokelea kwenye korido ya shule, chaki ikiwa bado vidoleni.

"Huyu fundi wako ameniandikia barua ya posa," alisema Hamood.

"Shamsudin? Amekuandikia? Mbona hakuniambia?"

"Kapiga picha karatasi, kanitumia WhatsApp. Ya Kiingereza."

Jokha akaziba mdomo ili wanafunzi wasione meno yake yote.

"Kwa Kiingereza, kaka? Ameandika mwenyewe?"

"Usifurahi. Nisikilize. Mimi ndiye walii wako tangu baba alipofariki, na sitaki uje kunilaumu. Huyu mtu kaandika kwa mkono wake kwamba kuswali, anaswali kwa nadra. Kazi, hafanyi ya maana. Mama yake mgonjwa, na kumsaidia hamsaidii. Halafu na wewe..."

"Na mimi nini?"

"Kasema hakupendi kihivyo. Kidogo tu, tena kwa shida."

"Haiwezekani."

"Nikudanganye ili nipate nini? Nimeisoma mara tatu, mwanzo mpaka mwisho. Afadhali kasema mapema. Ijumaa familia ya Yousuf, nao wamekuposa, wanataka jibu. Nawe nipe lako kabla ya hapo."

Akakata. Jokha alibaki pale koridoni, kengele ikalia, darasa likamngoja, na yeye hakumbuki alivyoingia wala alichofundisha.

*

Jokha alikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapo hapo Bagamoyo, binti wa marehemu Nasor aliyekuwa na duka la vitambaa mtaa wa nyuma ya soko. Jumamosi alasiri alifundisha darasa la watu wazima: wapokea wageni, wauza vinyago, mama mmoja aliyetaka kuzungumza na wajukuu zake walioko ughaibuni. Miaka miwili iliyopita aliingia darasani mwanamume mrefu, kitabu kinene chenye madoa ya oili kikiwa kwapani.

"Mwalimu, mimi Shamsudin. Natengeneza mashine za boti kule Mbegani. Mashine naijua kwa mkono. Kitabu chake ndicho kinachonishinda."

Darasa lilicheka, naye akacheka nao, akakaa mbele kabisa. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili, baba yake alipofariki. Hakukosa Jumamosi hata moja. Baadaye Jokha akaanza kumtumia neno moja kila asubuhi, naye anamrudishia sentensi.

Neno la leo: *borrow*.

"I borrow you my umbrella because rain is coming."

Kosa. Ukimpa mtu ni *lend*. Ukichukua kwake ndiyo *borrow*.

"Basi mwalimu, nimekuazima wewe. Siku gani nikurudishe?"

Jokha aliisoma meseji ile akiwa jikoni, maziwa yakafurika sufuriani. Bi Nouf, mama yake, alitazama maziwa, kisha akamtazama binti yake. Tangu siku ile akawa anamwita Shamsudin dukani kurekebisha hiki na kile, na kila akija anamwekea kiti mahali ambapo yeye mwenyewe anawaona wote wawili.

Miezi miwili kabla ya barua, Bi Nouf ndiye aliyemwambia Hamood. Hamood akajibu, "Dada yangu ana digrii, mama. Fundi asiyeweza kuandika hata barua moja ya Kiingereza, watazungumza nini ndani ya nyumba? Hawako daraja moja." Jokha alimgombeza kaka yake siku hiyo mpaka akamkatia simu. Kosa lake likawa kumsimulia Shamsudin yale ya barua ya Kiingereza. La daraja alilimeza. Shamsudin akauliza, "Mwalimu, kuanzia kesho unaweza kunipa maneno mawili badala ya moja?"

*

Alasiri ile ile ya Jumanne, Jokha alichukua bodaboda mpaka Mbegani. Shamsudin alikuwa ameinamia mashine iliyofunguliwa, wenzake wawili wakiwa pembeni wanasafisha vyuma kwa petroli. Alipomwona akajifuta mikono haraka haraka, uso wote ukafunguka.

"Mwalimu! Leo umekuja mwenyewe?"

"Umemwandikia nini kaka yangu?"

"Ameipata?" Tabasamu likazidi. "Nilitaka iwe siri mpaka anijibu. Wiki nzima naandika na kuchana. Sikutaka unisaidie hata neno, maana angesema barua ni yako."

"Nimekuuliza, umemwandikia nini?"

"Yaliyo moyoni."

"Umemwandikia habari za kuswali kwako?"

"Ndiyo."

"Na kazi?"

"Na kazi. Na mama pia. Kila kitu nimemweleza, asije akasema baadaye nilimficha."

"Na mimi je?"

Shamsudin aliangalia chini, akachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Na wewe. Hapo ndipo nilipoona haya kidogo."

"Na hayo yote ni kweli?"

"Wallahi, Jokha. Kila neno."

Mtu ameapa. Angefanya nini tena?

"Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili, Shamsudin. Si ungeniambia mimi usoni, kuliko kwenda kumwambia kaka yangu?"

"Nikuambie nini tena? Wewe si unajua tangu zamani?"

"Sikujua! Ningejua ningekuwa nakaa hapa kama mjinga?"

"Mbona sikuelewi? Jokha, hebu kaa—"

"Siketi. Kaka alisema mapema kwamba mimi na wewe hatuko daraja moja. Nikamgombeza kwa ajili yako. Leo namwomba radhi, maana alisema kweli. Mtu asiyemjali hata mama aliyemzaa!"

Wale wenzake waliacha kusugua vyuma. Uso wa Shamsudin ulibadilika taratibu, mtu angeweza kuona furaha inavyoondoka, kwanza machoni, kisha mdomoni.

"Daraja?" aliuliza.

"Umenisikia."

"Nimekusikia," alisema. "Nimekusikia vizuri sana."

Akageuka, akaokota spana yake. Jokha akapanda bodaboda akilia, na kabla hajafika mjini alikuwa ameshaifungia namba yake.

*

Kesho yake, Jumatano, Bi Nouf alifunga duka mapema. Alimkuta binti yake amelala kifudifudi, nguo za kazini hazijavuliwa.

"Hujala tangu jana."

"Sina njaa, mama."

"Utamwambia Hamood ndiyo kwa Yousuf?"

"Sijui. Labda. Kuna tofauti gani sasa?"

Bi Nouf alikaa ukingoni mwa kitanda, akamvua viatu kimoja kimoja kama enzi za utoto wake.

"Hiyo barua umeisoma?"

"Kaka ameniambia yaliyomo."

"Sikuuliza kaka amekuambia nini. Umeisoma?"

"La."

"Mwalimu mzima! Wanafunzi wako wakiandika insha, wewe unasimuliwa au unasoma?"

Jokha aligeuka. "Mama, ameapa. Nimemuuliza kila kitu kimoja kimoja, akaapa kuwa ni kweli."

"Basi mimi nami niape. Mwaka jana nilikuwa nimepanga foleni hospitali, nikamwona yule kijana anamshusha mama yake kwenye bajaji, anambeba mgongoni mpaka ndani, viatu vya mama yake kavishika kwa meno kwa sababu mikono imejaa. Hakuniona. Sikukuambia kwa sababu halikuwa jambo la kukuambia, ni mtu na mama yake. Sasa wewe niambie, huyo ndiye asiyemjali mzazi? Kaombe hiyo barua."

Jokha alichukua simu.

"Kaka, nitumie ile picha ya barua."

"Ya nini tena?"

"Nitumie tu, tafadhali."

Picha ikaingia. Mwandiko wa Shamsudin, ule ule wa herufi kubwa zilizolala upande mmoja, kila mstari umepigwa rula kwanza.

*Dear Brother Hamood. Every day I hardly pray. From morning to evening I hardly work. My mother is sick and I hardly help her. I hardly love your sister and I will hardly take care of her all my life.*

Alisoma mara ya kwanza, akaona yale yale aliyosema kaka. Alisoma mara ya pili, akainuka akakaa. Mara ya tatu akashika kichwa kwa mikono miwili.

"*Hardly*," alisema. "Ya Allah. *Hardly*, mara tano."

"Ndiyo nini hiyo?"

Jokha alikuwa anacheka, na machozi yanamtiririka, na anajipiga paja.

"Unalia au unacheka?" Bi Nouf aliuliza.

"Mama, sikiliza. Kuna neno *hard*. Maana yake ngumu, lakini pia ni kwa bidii, kwa nguvu. Mtu akifanya kazi kwa bidii, anafanya *hard*. Hapo limetosha, haliongezwi kitu. Sasa ukilitia mkia, ukasema *hardly*, linageuka kabisa. Linakuwa kwa nadra, kwa shida, karibu na hapana. Yeye alitaka kusema anaswali kwa bidii. Karatasi imesema karibu haswali."

"Na hapo kwenye mapenzi?"

"Alitaka kusema ananipenda kwa nguvu zote." Akaweka kidole kwenye mstari ule. "Imesomeka hanipendi."

Bi Nouf alitafakari. "Sasa nani alimfundisha kulitia mkia?"

Jokha aliacha kucheka.

Alikuwa yeye. Aliikumbuka Jumamosi ile: ameandika ubaoni *slow, slowly, quick, quickly*, akasema ukitaka kuonyesha jambo linafanyika kwa namna gani, pachika mkia huu. Shamsudin akanyoosha mkono. "Kila neno, mwalimu?" Naye akatazama saa, muda umekwisha, akajibu, "Karibu kila neno. Yale makaidi tutayaona wiki ijayo." Wiki iliyofuata ilikuwa ya kusimamia mitihani. Iliyofuata baada ya hiyo, alisahau.

"Mimi," alisema. "Ni mimi, mama."

*

Alimpigia Hamood hapo hapo, simu ikiwa kwenye spika, mama yake kando. Akaeleza yote, mpaka lile la ubaoni.

"Kaka, wewe Kiingereza unakitumia kila siku. Hukushuku hata kidogo?"

"Nilishuku," alisema Hamood.

"Ulishuku?"

"Pale mwisho. Nani atamwahidi mtu kwamba hatamtunza maisha yake yote? Nilipofika hapo nikajua kuna kitu hakiko sawa. Lakini nilikuwa natafuta sababu, Jokha. Naye kanipa, kwa mwandiko wake. Nikaichukua."

Bi Nouf akasogeza mdomo kwenye simu. "Hamood."

"Naam, mama."

"Mwaka wako wa kwanza huko ulinipigia unalia kwa sababu bosi wako alikucheka Kiarabu chako. Umesahau?"

"Sijasahau, mama."

"Haya. Nilikuwa nauliza tu."

Hamood alikohoa. "Jokha, mwambie aniandikie tena. Kwa Kiswahili. Mimi nazungumza Kiswahili na mama yangu, ningetaka shemeji wa Kiingereza wa nini? Na Yousuf niachie mimi, nitajua la kuwaambia."

Jokha aliifungua namba ya Shamsudin, akapiga. Haipatikani. Akapiga tena, na tena. Kesho yake akaenda Mbegani. Mmoja wa wale wenzake wawili, Muzammil, alimjibu bila kuinua uso.

"Kaenda Mkange kwa dada yake. Kuna mashine ya kusaga imeharibika huko. Hakusema atarudi lini."

"Simu yake haipatikani."

"Huko mtandao ni wa kubahatisha." Akaongeza, "Mwalimu, mimi si wa kukuingilia. Lakini siku ile tulisikia wote."

*

Jumamosi Jokha hakufundisha. Bi Nouf alikodi gari la jirani, akapakia kikapu cha vileja na chupa ya chai.

"Mama, naweza kwenda peke yangu."

"Uende peke yako kwa mwanamume ambaye hajakuoa? Panda gari."

Njia ya Mkange ni vumbi jekundu sehemu kubwa, na siku mbili hizo malori yalikuwa yanapita. Walifika nguo zao zote zimekuwa rangi ya matofali. Zaina, dada yake Shamsudin, aliwapokea mlangoni.

"Shikamoo, mama. Karibuni."

"Marahaba, mwanangu. Tumewavamia."

"Hamjatuvamia." Jokha naye akasalimiwa, lakini salamu yake ilikuwa fupi, na ya macho haikuwepo.

Shamsudin alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye banda la mashine. Alipowaona akaja, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyu ana maneno na wewe. Mimi naketi hapa na dada yako, nawaona."

Walisimama chini ya ukingo wa bati, hatua mbili baina yao. Jokha alitoa simu, akamwonyesha barua yake mwenyewe, akamweleza neno lile kama anavyoeleza darasani, polepole, bila kumtazama. Shamsudin alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nimemwambia kaka yako siswali."

"Ndiyo."

"Na mama yangu simjali."

"Ndiyo."

"Na wewe sikupendi."

"Umesema hunipendi, halafu ukaahidi hutanitunza maisha yako yote."

Akaguna, nusura acheke. Kisha uso ukarudi kama ulivyokuwa.

"Ndiyo maana ulikuja umekasirika vile."

"Ndiyo maana. Na kosa si lako, ni langu. Mimi ndiye niliyekupa kanuni nusu. Kaka naye amesema umwandikie tena, kwa Kiswahili. Amekubali kukusikiliza."

Alitegemea atafurahi. Shamsudin alichukua kitambaa akaanza kufuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Jokha, lile neno la kwenye barua halinisumbui. Ni la Kiingereza, mimi ni mgeni humo, mgeni hupotea. Lakini wewe uliniambia hatuko daraja moja. Hilo uliniambia kwa Kiswahili. Kiswahili tunakijua sote, mimi na wewe."

Njia nzima Jokha alikuwa amejiandaa kueleza *hardly*. La daraja alilipita kwa mbali, akitumaini na Shamsudin atalipita.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Lile halina tafsiri nyingine."

"Unaliamini?"

"Hapana. Sikuliamini hata nilipokuwa nalisema. Niliumia, nikatafuta neno litakaloumiza, nikaliazima kwa kaka yangu."

"Ulilipata."

"Nililipata. Na nililisema mbele ya wenzako. Nisamehe, Shamsudin. Nikirudi, nitakwenda Mbegani niwaambie na wao."

"Usiende kuwaambia watu kitu."

"Nitakwenda."

Shamsudin alimtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu afike: vumbi kwenye nyusi, baibui limekuwa jekundu mpaka magotini.

"Nimekusikia," alisema. "Lakini siwezi kukuambia limekwisha, wakati bado linanichoma. Nikikuambia hivyo leo nitakuwa nakudanganya."

"Sitaki unidanganye."

"Basi niache kwanza."

Walikunywa chai, wakala vileja, wakazungumza na Zaina habari za mvua na za mashine. Kwenye gari Jokha alilia mpaka wakakaribia mjini. Bi Nouf hakumtuliza. Alimpa tu ncha ya kanga yake.

Jumatatu, baada ya masomo, alikwenda Mbegani. Akasimama mbele ya Muzammil na mwenzake.

"Siku ile nilimvunjia heshima Shamsudin mbele yenu. Nilisema uongo. Nimeona nije niseme na hili mbele yenu pia."

Muzammil alishika shingo, hakujua pa kutazama. "Haya, mwalimu. Tumesikia." Alipokuwa anaondoka akamwita. "Mwalimu! Wengine wasingekuja."

*

Zilipita siku nane. Simu ya Shamsudin ilipatikana, lakini Jokha hakumpigia; ameomba aachwe, akaachwa. Aliandika neno la asubuhi kila siku, akalifuta.

Siku ya tisa, magharibi imeshaswaliwa, Hamood alipiga.

"Weka spika. Mama yupo?"

"Nipo," Bi Nouf aliitikia.

"Barua imefika. Nawasomea sehemu, kwa sababu nyingine ni zangu mimi na yeye."

Hamood akasafisha koo, akasoma:

"'Kaka Hamood, naswali, alhamdulillahi, ingawa alfajiri mara nyingine mama ndiye huniamsha. Kazi yangu ni ya mikono, naipenda, na nikishindwa mashine husema nimeshindwa. Shule niliacha kidato cha pili na Kiingereza changu umekiona. Kuhusu Jokha. Alinitamkia neno baya, na sitakuficha, liliniuma sana. Halafu akaja mpaka Mkange na mama yake, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, kunitaka radhi. Nimemwambia asubiri, akasubiri. Nimesikia kuwa aliwafuata na wenzangu kazini, nami nilimkataza. Kaka, watu wanaokosea nimewaona wengi. Wanaorudi kusema nimekosa nimewaona wachache. Namtaka mtu wa namna hiyo nyumbani mwangu, kwa sababu siku moja na mimi nitamkosea, na ningependa tuwe tunajua sote wawili njia ya kurudi. Hasira zangu zimekwisha. Ukiniruhusu, naomba umwambie wewe.'"

Hamood aliacha kusoma. Wakasikia anapenga kamasi huko Maskati.

"Basi," alisema. "Nimeshakwambia."

Jokha alikuwa amejifunika uso kwa mto.

"Anasemaje huyo?" Hamood aliuliza.

"Hasemi," alijibu Bi Nouf. "Anaitikia kwa kichwa. Anaitikia mpaka nahofia shingo."

Usiku huo huo ilikuja meseji moja, kwa Kiswahili: "Jokha, umelala?"

"Hapana."

"Hata mimi. Kaka yako kanipigia. Kaniita shemeji."

"Ukamwitaje?"

"Nilishindwa kusema kitu. Nikamwambia shikamoo mara mbili."

*

Hamood alikuja likizo ya Desemba. Siku ya kwanza tu alikwenda Mbegani akiwa amevaa kanzu nyeupe ya kusafiria, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, akimtazama Shamsudin anavyofunga mashine. Aliporudi nyumbani kanzu ilikuwa na oili mbavuni, na hakumweleza mtu walichozungumza. Alisema tu, "Mama, harusi iwe wiki ijayo. Nina ruhusa ya siku kumi na sita."

Ndoa ilifungwa msikitini, karibu na nyumbani, baada ya alasiri. Nyumbani wanawake walikuwa wamebanana sebuleni, wamenyamaza, wanasikiliza kipaza sauti. Jokha alikuwa chumbani, mama yake amemshika mkono. Sauti ya Hamood ikasikika.

"Shamsudin, nimekuoza dada yangu..."

Ikasita.

"Nimekuoza dada yangu, Jokha binti Nasor..."

Ikasita tena. Msikiti mzima ukangoja. Waliokuwepo walisimulia baadaye kwamba Hamood alikuwa amemshika bwana harusi mkono na machozi yanamdondoka ndevuni, na kwamba Shamsudin alimwambia kwa sauti ya chini, "Taratibu, kaka, siendi popote." Hamood akavuta pumzi, akamaliza. Na "nimekubali" ya Shamsudin ilitoka kubwa mno hata kipaza sauti kikapiga kelele, wanawake wakapiga vigelegele juu yake.

Shamsudin akaletwa ndani. Akaweka kiganja juu ya paji la uso la mkewe, akasoma dua. Zaina akamkumbatia Jokha kwa nguvu, akamnong'oneza kitu kilichowaliza wote wawili. Wapiga picha wakapiga, mashangazi wakatoa mawaidha, na hatimaye mlango ukarudishwa, wakabaki wao.

"Jokha."

"Abee."

"Una njaa?"

"Sana. Tangu alfajiri wamenipaka, wamenivisha, wamenisimamisha huku na kule. Hakuna aliyenipa hata maji."

Shamsudin alivua joho, akalitundika nyuma ya mlango, akatoka. Jokha alisikia kicheko kikubwa cha wanawake uani. Akarudi na sahani moja iliyofurika pilau, glasi ya maji imebanwa chini ya kidevu.

"Wanacheka nini?"

"Wanasema haijapita hata saa moja, bwana harusi ameshatumwa jikoni."

"Masikini! Ukawajibu nini?"

Akaketi sakafuni mbele yake na kanzu yake mpya, akampa maji, akaweka sahani baina yao.

"Nimewaambia waongeze nyama."